Ofisi ya mbunge wa steti Pennsylvania: mwongozo kamili wa kupata msaada wa serikali bila kulipa mtu

Ile karatasi ya rangi inayokuja kwenye boksi la posta, ina picha ya mtu anacheka na suti yake na bendera nyuma, wengi wetu tunaitupa pamoja na matangazo ya piza. Tunadhani ni siasa tu anaomba kura. Ukiisoma vizuri utakuta nusu yake haina siasa kabisa, ni habari za huduma: dedilaini ya kurudishiwa renti, siku ambayo maombi ya msaada wa kupasha nyumba joto yanafunguliwa, jumamosi gani watu wa steti watakuja kusaidia kujaza fomu. Na chini kabisa kuna adresi ya ofisi iko hapo hapo mtaani, karibu na duka, ambayo kazi yake ya kila siku ni kusaidia wakazi na haichaji hata senti moja.

Naandika hii kwa ajili ya Waswahili wa Pennsylvania, Wakongo wa Erie, Pittsburgh na Lancaster, Wakenya na Watanzania wa Philadelphia na Harrisburg, yeyote anayesoma Kiswahili haraka kuliko zile fomu zao. Ukiwa steti nyingine utaratibu unafanana ila majina ya programu na viwango vya hela vitabadilika, kwa hiyo usikopi namba za hapa ukazipeleka Ohio.

Hatua ya 1: jua nani ni wako, na nani anahusika na nini

Hapa ndo watu wengi wanapotea. Una wawakilishi wa aina mbili. Kuna wa Harrisburg, yaani wa steti: bunge lao lina nyumba mbili, House ina wabunge 203 na Senate ina maseneta 50. Mbunge wa House anawakilisha watu kama 64,000 hivi, kwa hiyo eneo lake ni dogo na ofisi haiwezi kuwa mbali sana na wewe, seneta wa steti anachukua watu kama 260,000. Wewe unaye mmoja wa kila upande na wote wawili wana ofisi za kuhudumia wakazi. Alafu kuna wa Washington: mbunge wa Congress, na maseneta wawili wa Pennsylvania nzima ambao kwa sasa ni John Fetterman na Dave McCormick.

Kanuni ya kugawanya shida yako ni hii, angalia barua inatoka wapi. Kama ni PennDOT (idara ya leseni na magari), hela ya kukosa kazi, SNAP (fudi stempu), Medicaid (bima ya afya ya kipato kidogo), LIHEAP (msaada wa kupasha nyumba joto), kodi ya steti, cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyezaliwa Pennsylvania, hiyo nenda kwa wa steti. Kama ni grini kadi, uraia, kesi ya kuleta familia, pasipoti ya Marekani, Soshali Sekyuriti, IRS (kodi ya serikali kuu), au mambo ya wanajeshi wastaafu, hiyo ni ya Washington, na mbunge wa steti hata akupende vipi hana mlango wa kuingilia huko. Atakuelekeza tu kwa mwenzake. Ukienda na kesi ya USCIS (idara ya uhamiaji) kwenye ofisi ya steti utakaa kwenye kiti nusu saa alafu utapewa namba ya simu.

Kumpata wako ingia palegis.us, kuna sehemu unaandika adresi ya nyumba yako inakuletea majina na ofisi zao. Andika adresi kamili na sio zip kodi peke yake manake zip moja inaweza kukatwa na wilaya mbili au tatu.

Na swali ambalo kila mtu ananiuliza kwa sauti ya chini: mimi sio raia, nitasaidiwa? Ndio. Wao wanahudumia wakazi wa wilaya, haulazimiki kuwa na kura, wala kuwa wa chama chake. Mwenye hali ngumu ya makaratasi, huyo namshauri aongee na wakili wa uhamiaji kwanza kabla ya kuweka jina lake kwenye fomu yoyote ya serikali, hiyo ni busara tu.

Hatua ya 2: andaa karatasi kabla ya kupiga simu

Mfanyakazi wa ofisi, sio mbunge mwenyewe, ndo atakayekushika mkono. Mbunge muda mwingi yuko Harrisburg na utamuona kwenye picha. Huyo mfanyakazi anachohitaji ni vitu vya kushika: kitambulisho, adresi ya sasa, ile barua uliyopata (kurasa zote, hata ile ya mwisho yenye maandishi madogo), na namba ya kesi. Namba ya kesi kwa mambo ya SNAP na Medicaid inaitwa "record number", iko juu kwenye barua ya ofisi ya msaada ya kaunti. Bila hiyo anaweza kukutafuta kwa jina, na hapo sisi ndo tunaanza kuteseka.

Kwa nini? Angalia makaratasi yetu. Kwenye grini kadi jina la baba limekuja mwanzo, kwenye leseni limekuja mwisho, kwenye kadi ya Medicaid herufi moja imeruka, Byamungu amekuwa Biamungu. Na wakimbizi wengi tarehe zetu za kuzaliwa ni 01/01, nyumba nzima baba, mama na wajomba wote mwezi wa kwanza tarehe moja. Kompyuta ya serikali ikimtafuta mtu wa hivo inaleta watu watatu au haileti mtu. Kwa hiyo andika kwenye karatasi moja jina lako vile lilivyo kwenye kila dokyumenti, herufi kwa herufi, umpe. Hii karatasi moja inaokoa wiki nzima za kuzungushana.

Utasainishwa fomu ya ruhusa, inayosema ofisi ya mbunge inaweza kuuliza habari zako kwenye idara fulani. Isaini lakini isome, ionyeshe idara ni ipi na shida ni ipi. Bila hiyo fomu idara haitamwambia kitu kwa sababu ya siri zako.

Lugha: piga simu sema "Swahili interpreter please", hayo maneno matatu yanatosha kuanzia. Idara za steti zinatumia wakalimani wa simu na ni bure. Ofisi ya mbunge nyingine inao, nyingine haina, uliza wakati wa kuchukua apointimenti. Ukiweza usimchukue mtoto wa miaka 11 kutafsiri barua ya kukatiwa Medicaid, sio haki kwake, na maneno kama "determination" (uamuzi) na "overpayment" (umelipwa kupita kiasi) hata watu wazima yanawashinda.

Hatua ya 3: anza na programu ambazo watu wanaziacha mezani

Siwezi kuzitaja zote, nachukua zile ninazoona zina hela na watu wetu hawazijui.

Kurudishiwa renti au kodi ya nyumba. Hii ndo naipenda kuliko zote na ndo inayoachwa zaidi na wazee wetu. Inaitwa Property Tax/Rent Rebate, ipo tangu 1971 na inalipwa na hela za bahati nasibu na kasino. Ni ya mtu mwenye miaka 65 na kuendelea, mjane au mgane kuanzia 50, au mwenye ulemavu kuanzia 18. Sheria ya 2023 iliipanua: kiwango cha juu cha kawaida kilitoka dola 650 kikaenda 1,000, na kikomo cha mapato kwa wapangaji kilitoka dola 15,000 kikapanda hadi 45,000 kwa mwaka, na kikomo hicho sasa kinaongezwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Na hapo hapo kuna zuri lingine, hela ya Soshali Sekyuriti inahesabiwa nusu tu. Mzee aliyekataliwa miaka ya nyuma kwa sababu ya mapato anatakiwa ajaribu tena.

Fomu inaitwa PA-1000. Mpangaji anahitaji pia cheti cha renti, karatasi moja ambayo mwenye nyumba anajaza renti uliyolipa mwaka uliopita na kusaini. Hapa ndo panakwama, mwenye nyumba mwingine hataki kusaini, anaogopa serikali itamuuliza mapato, au hapokei simu tu. Usikate tamaa, kuna njia ya kiapo cha upangaji kinachosainiwa mbele ya notari pamoja na ushahidi wa malipo, na ofisi nyingi za wabunge zina notari ndani bila malipo. Ila jua kwamba nyumba yenyewe lazima iwe inalipiwa kodi ya ardhi au malipo badala yake, kuna nyumba za serikali ambazo hazilipi chochote na wapangaji wake hawapati, muulize meneja kabla ya kujisumbua. Dedilaini rasmi ni Juni 30, kwa kawaida wanaisogeza hadi Desemba 31, hela zinaanza kutoka Julai. Ukijaza mapema unalipwa kwenye kundi la mwanzo.

Kupasha nyumba joto, LIHEAP. Hii ni ya mwenye nyumba na mpangaji pia, kama mapato ya nyumba ni chini ya asilimia 150 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Sehemu ya kawaida inatoa kati ya dola 200 na 1,000 na inaenda moja kwa moja kwa kampuni ya gesi au umeme, wewe hushiki hela. Huhitaji kuwa na deni ndo uombe! Watu wanasubiri mpaka wapate karatasi ya kukatiwa, hiyo ni sehemu ya pili, ya dharura, kwa waliokatiwa au wanaokaribia kukatiwa, au mtambo wa joto umeharibika, au mafuta yameisha kwenye tenki. Unaweza kupata zote mbili. Kwa kawaida maombi yanafunguliwa mwanzoni mwa Novemba, msimu wa 2025 yalichelewa hadi Desemba kwa sababu serikali ya Washington ilifungwa. Usikariri tarehe ya mwaka jana, hiyo ndo kazi ya ile karatasi ya mbunge.

Na ujue hii pia: kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Machi kampuni haziruhusiwi kumkatia joto mtu wa kipato kidogo bila ruhusa ya tume ya huduma, PUC. Lakini deni linaendelea kuhesabiwa, Aprili likifika wanakuja na gari lao. Piga simu kampuni mapema uulize mpango wao wa wateja wa kipato kidogo, unaitwa CAP.

Hela zako zilizopotea. Treasury ya Pennsylvania inashikilia zaidi ya dola bilioni 5 ambazo hazina mwenyewe: cheki ya mwisho ya kazi uliyoacha, dipoziti ya umeme wa nyumba ya zamani, akaunti ya benki uliyosahau. Sisi tunahama sana na tunabadilisha kazi za wearhausi kila msimu, kwa hiyo jina lako kuwemo sio ajabu. Kutafuta ni bure, jaribu jina kwa kila spelingi uliyowahi kuandikiwa. Tangu sheria ya 2024 hela ndogo hadi dola 500 za mtu mmoja zinaweza kutumwa zenyewe, wanakutumia barua kwanza alafu cheki. Sasa mtu akikupigia kwamba anajua hela zako na anataka asilimia, mshukuru ukate simu ukaangalie mwenyewe.

Krediti mpya ya kodi. Bajeti ya steti iliyotakiwa kuisha Juni 30, 2025 ilichelewa mpaka gavana Josh Shapiro akaisaini Novemba 12, na ndani yake imo krediti ya wafanyakazi wa kipato kidogo: asilimia 10 ya ile EITC ya serikali kuu, kiwango cha juu dola 805, kuanzia kodi za mwaka 2025. Anayekujazia kodi muulize kwa mdomo wako ameiweka au hajaiweka.

Dawa za wazee kuna PACE na PACENET, miaka 65 na zaidi, awe ameishi Pennsylvania siku 90. PACENET inafika mapato ya dola 33,500 kwa mtu peke yake na 41,500 kwa waliooana. Watoto wasio na bima kuna CHIP mpaka miaka 19. Hizo mbili nazipitia haraka kwa sababu ofisi ya mbunge inazijua vizuri na fomu zake sio ngumu.

Hatua ya 4: SNAP na mabadiliko ambayo lazima uyajue

Hapa niende polepole. Sheria iliyosainiwa Washington Julai 4, 2025 imebadilisha nani anapata fudi stempu. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi ambaye bado hana grini kadi ameondolewa kwenye orodha. Akishapata grini kadi anarudi, na mkimbizi hasubirishwi miaka mitano. Kwa hiyo kama umemaliza mwaka mmoja Marekani na bado hujatuma I-485 (fomu ya kuomba grini kadi), hiyo ni kazi ya wiki hii, na mkimbizi halipi ada ya hiyo fomu. Ukichelewa kupata jibu, mlango ni mbunge wa Washington kama nilivosema juu, ila siku grini kadi ikifika mkononi ipeleke ofisi ya kaunti siku hiyo hiyo au ipakie kwenye COMPASS (tovuti ya steti ya kuomba misaada), usingoje wakuulize. Ikipita wiki kadhaa kesi bado imefungwa, hapo ndo mbunge wa steti anafaa sana, anaweza kuuliza idara imekwama wapi.

Sheria hiyo hiyo imeongeza masharti ya kazi: watu wazima mpaka miaka 64 wasio na mtoto chini ya miaka 14 nyumbani wanatakiwa waonyeshe masaa 80 kwa mwezi ya kazi, mafunzo au kujitolea, isipokuwa walio na msamaha, kwa mfano ugonjwa. Ukiwa mgonjwa karatasi ya daktari iende mapema. Nimeona mama wa miaka 58 mgongo umemwisha kwa kazi ya kiwanda cha kuku anaandikiwa barua ya masharti ya kazi, anadhani ndo mwisho, kumbe kulikuwa na fomu ya daktari ndani ya bahasha hiyo hiyo, ukurasa wa nne. Kurasa zote jamani!

Na karatasi za kurenyu usizicheze. Wengi hawanyimwi kwa sababu ya mapato, wananyimwa kwa sababu bahasha ilienda adresi ya zamani. Ukihama badilisha adresi sehemu tatu tofauti: posta, COMPASS, na PennDOT. Kubadilisha posta peke yake hakuwaambii hao wengine.

Hatua ya 5: hela ya kukosa kazi

Ukiachishwa kazi omba wiki hiyo hiyo. Wiki ya kwanza hailipwi. Alafu kila wiki mbili unatakiwa udai tena, hata kama bado hujajibiwa, hata kama umekataliwa na umekata rufaa. Wengi wanashinda rufaa alafu hawapati hela za miezi yote hiyo kwa sababu waliacha kudai.

Barua ikija "determination" tafuta tarehe kwenye hiyo barua. Rufaa ni siku 21 kuanzia hapo, sio kuanzia siku uliyoifungua. Ofisi ya mbunge inaweza kuuliza kwa nini kesi imelala, inaweza kukusaidia kutuma fomu ya rufaa, lakini haiwezi kumwambia refarii (anayesikiliza rufaa) aamue vipi na haiwezi kukutetea mbele yake. Wala usisubiri mbunge ajibiwe ndo ukate rufaa, siku zinahesabika.

Hatua ya 6: PennDOT, na onyo

Taito ya gari, usajili, kibandiko cha mlemavu, leseni iliyopotea kwenye posta, ofisi nyingi za wabunge zinashughulikia na unaokoa ada za yale maduka ya tegi. REAL ID (kitambulisho cha kiwango cha serikali kuu) hapana, hiyo kwa kawaida lazima uende senta ya PennDOT mwenyewe na makaratasi yako ya asili, ada yake ya mara moja ni dola 30 juu ya leseni.

Onyo lenyewe: tangu Septemba 2023 ukichukua leseni kuna skrini za kuandikishwa kupiga kura. Kama wewe sio raia, ukiulizwa uraia jibu ukweli na usisaini chochote cha kura, hata kama unasukumwa na foleni nyuma yako. Jina la mtu asiye raia kwenye daftari la kura linaweza kuharibu kesi yake ya uraia na hata kumletea kufukuzwa nchini. Ikishatokea, wakili wa uhamiaji kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Na tukiwa kwenye onyo, notari wa Marekani sio kama notaire wa Kongo. Huku anathibitisha tu sahihi yako, hana elimu ya sheria inayomruhusu kukushauri. Anayekuchaji dola 200 kujaza LIHEAP anakuibia.

Hatua ya 7: kufuatilia

Ukitoka ofisini ondoka na vitu vitatu: jina la mfanyakazi, tarehe, na kile alichosema atafanya. Andika kwenye simu. Mpe kama wiki mbili alafu piga, kwa upole, "I am following up". Hawa watu wana mafaili mengi na anayepiga anakumbukwa. Ukikatiwa umeme au dawa ya mtoto imekataliwa famasi usingoje wiki mbili, sema neno "emergency" na usome barua kwa sauti.

Kama ofisi ya House haifiki popote jaribu ya seneta wako wa steti, wote wawili ni wako. Ila usifungue kesi moja sehemu zote kwa wakati mmoja bila kuwaambia, idara ikiona maswali mawili ya mtu mmoja inachelewa zaidi. Na kesi ikifika kwenye kusikilizwa mbele ya jaji, hapo unahitaji wakili wa bure wa msaada wa kisheria, piga 211 wakuelekeze kwa kaunti yako, na kwenye fomu ya kuomba kusikilizwa weka alama pale panapouliza mkalimani na uandike Swahili. Ukisahau, waambie kwa simu kabla ya siku yenyewe, kwa sababu ukifika bila mkalimani wanaweza kuahirisha na wewe ndo utakayekaa bila hela mwezi mwingine.